Piza ya Mama Mkwe

Tarehe 12 Julai 1997, siku ya Jumamosi, Masunga Shimba alifunga ndoa na Loveth, binti wa Hildegarda wa Mabwerebwere, mjini Kilosa. Picha ya siku hiyo inaning'inia sebuleni kwake Mikumi. Bibi harusi ana sahani mkononi, wazee wana sahani, watoto nao wana sahani. Bwana harusi hana. Kulia kwake amesimama mama mkwe, na kwa akina Masunga, Wasukuma waliohama Shinyanga na ng'ombe wao kutafuta malisho Kilosa, mwanamume hali chakula mbele ya mama wa mkewe. Wali wa harusi yake aliula baadaye, nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta.

Miaka minne imepita, na sasa Masunga analipwa mshahara ili ale.

Ni mkaguzi wa kampuni moja ya mabasi yanayotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Tangu usafiri uachiwe watu binafsi, barabara hiyo imejaa mabasi yanayogombea abiria kwa video, kwa soda na kwa chakula. Mwaka huu tajiri wake alisikia kwamba mpinzani mmoja anawashusha abiria mahali wanapouziwa piza. Akaagiza kwamba na wa kwake wale piza, hapo hapo Mikumi, na Masunga achague duka.

Mikumi si mahali pa kukosea chakula. Basi likitoka mjini linaingia hifadhini, na kwa kilometa hamsini hakuna anayeruhusiwa kushuka. Mwaka jana abiria walikula nyama ya mchuzi katika hoteli moja ambayo sasa imefungwa. Kufika katikati ya hifadhi, matumbo hayakuomba ruhusa tena. Dereva akasimama. Watu wazima, mmoja wao mchungaji mwenye kola shingoni, walichuchumaa bega kwa bega nyuma ya magurudumu huku nyati wakiwatazama. Wengine hawakuwahi kufika mlangoni. Masunga ndiye aliyeosha viti vile, na tangu siku hiyo hakuna kinacholiwa na abiria wake kabla hajakionja.

Piza yenyewe haipendi. Ya kwanza aliila Dar es Salaam, amealikwa na tajiri, akaona ni mkate uliomwagikiwa mchuzi. Lakini alikariri inavyopaswa kuwa: unga uive mpaka katikati, jibini livutike, nyama isiache mafuta yaliyoganda kwenye kaakaa.

Alianzia kwa Thadeo, mwenye duka kando ya kituo cha mafuta. Aliletewa chapati ya asubuhi iliyopashwa moto katika karai la chipsi. Juu yake palikuwa na sosi ya nyanya, vipande vya yai la kuchemsha, na siagi iliyoitwa jibini, ambayo ilitiririka mpaka mezani. Mpishi aliifuta kwa kitambaa alichokuwa amejifutia jasho, kisha akakitumia kitambaa hicho kufunika unga. Masunga aliuma kipande kimoja. Kilikuwa na ladha ya samaki waliokaangwa katika mafuta yale juzi. Thadeo, aliyesimama mlangoni, akauliza ikoje.

"Hii ni chapati iliyopata ajali," Masunga alimjibu.

Thadeo alicheka, akataka kujua abiria wa Mbeya wameijua piza tangu lini. Wape tu, alisema, watakula.

Katika nyumba ya wageni iliyo jirani na lango la hifadhi, piza ilitolewa kwenye jokofu ambalo halikuwa na umeme tangu jana yake. Jibini lake lilivutika kweli, na katikati yake alikuwamo nzi, ameiva vizuri kama kila kitu kingine. Mpishi alimbandua kwa ukucha, akaisogeza sahani mbele, akasubiri. Masunga aliutazama ule ukucha, akaondoka bila kuketi.

Lilibaki duka la Hildegarda.

Mama huyu ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, na kwa miaka mingi aliuza vitumbua stesheni ya Kilosa. Treni za abiria zilivyozidi kuchelewa, ndivyo vitumbua vilivyozidi kulala kwenye beseni. Aliposikia habari za piza na mabasi, aliuza kabati na cherehani, akaifunga nyumba ya Mabwerebwere, akapanga chumba Mikumi na kuchongesha jiko la pipa. Basi lisiposimama mlangoni pake hana mteja. Madereva wa malori wanataka ugali.

Masunga alimkwepa kadiri alivyoweza. Alimtuma Loveth akamwombe mama amfungie kipande, akionjee nyumbani. Hildegarda alikataa, akasema kama mkaguzi aliketi kwa Thadeo, aketi na kwake. Jioni hiyo Loveth alipakua chakula bila kumtazama mumewe, akamkumbusha kwamba mama ameuza hata cherehani.

Alhamisi Masunga alikwenda. Alisimama nje ya kizingiti, ameinamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, mkwe. Meza haiumi."

"Siwezi kula ukiwapo, mama. Unajua."

"Mimi si Msukuma, baba. Mila yako isinilaze njaa."

Kisha akalainika. Alijitanda kanga, akasema anakwenda sokoni kununua nyanya, mkwe ale kwa nafasi. Masunga alisikiliza mpaka nyayo zake zikapotea, ndipo akaketi.

Kwa macho, ilikuwa bora kuliko zote. Ilikuwa ya duara kamili, kingo zimepata rangi ya kahawia, na pilipili hoho zilipangwa kama maua ya kitambaa cha kochi. Lakini kisu kilipopita katikati kilitoka na unga mweupe. Jibini Hildegarda alilitengeneza mwenyewe kwa mtindi uliokamuliwa kwenye kitambaa, na mtoto wa wafugaji hahitaji kuambiwa tofauti ya maziwa yaliyoganda na maziwa yaliyooza. Chini yake nyama ya kusaga ilikuwa bado nyekundu, ikitoa maji. Masunga aliitia mdomoni, maana ndiyo kazi. Kilikuwa kitu laini, chenye uvuguvugu, kilichonata kwenye fizi. Akatema kwenye gazeti lililokuwa mezani.

Pazia la chumba cha nyuma likasogea. Hildegarda hakuwa amekwenda sokoni. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, kwa sababu alitaka kuuona uso wa mkwewe anapokula chakula chake, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu harusi.

Masunga alisimama, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nimeona," Hildegarda alisema. "Umekula mbele yangu. Na umetema."

Masunga aligeukia ukuta kabla ya kujibu. "Katikati ni mbichi, mama. Na maziwa yameoza."

Hildegarda aliliokota gazeti, akalitazama, akalikunja. Aliuliza kosa la kula mbele ya mkwe hulipiwa nini huko kwao. Masunga akasema ni mbuzi, hata kama mlaji hakujua kwamba anatazamwa.

"Mbuzi baki naye," alisema. "Nipe basi lako."

Kukubali kulikuwa rahisi. Tajiri haji Mikumi, na hakuna mwingine ambaye angeonja. Masunga anasema kwamba alichokiona kwenye ukuta ule ni viti alivyoviosha.

"Mbuzi ni deni langu, mama, nitamleta. Basi lina watu."

Hildegarda aliketi mezani, nyuma ya mgongo wa mkwewe, akakata kipande cha piza ileile, akakila chote mpaka ukingo.

Ijumaa Masunga alimweleza tajiri wake kwa simu kwamba Mikumi hakuna piza ya kumpa mtu aliye safarini. Jumamosi hii atapeleka mbuzi Mabwerebwere, ambako Hildegarda amerudi na jiko lake la pipa. Kuanzia Jumatatu mabasi yatapita Mikumi bila kusimama, na abiria watakula Morogoro.