Mama Yetu Hapiki Tena

Tangu Kalsom afungue kibanda chake katika ukumbi wa chakula, chini kabisa ya jengo la maduka, Normadiah alikuwa akila mchana akiwa amemgeuzia mgongo. Kalsom ni dada yake, tumbo moja, na walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya mama yao. Kuala Lumpur yote ilivyo kubwa, Kalsom hakuona pengine pa kuuzia wali ila hapo, chini ya miguu ya mdogo wake, ambaye miaka yote alikuwa na cherehani yake ghorofa ya pili ya jengo lilelile, akipunguza suruali na kubadilisha zipu.

Kilichomkera zaidi ni bango. Juu ya kibanda, pana kama kitanda, mama yao alikuwa akicheka na ushungi wake wa maua, na chini yake pameandikwa: Wali wa Nazi wa Mak Jenab. Picha ile aliipiga Normadiah mwenyewe, barazani, kabla ya kiharusi. Kiharusi kilipomwangusha mama, ni Normadiah aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji, aliyemfulia shuka. Kalsom alikuwa Johor kwa mumewe, anakuja Idi na makopo ya biskuti, anaondoka.

Kwa hiyo Normadiah aliagiza mi, tambi za kukaanga, kwa Sikander, mzee wa Kitamil mwenye kibanda upande wa pili, akazila kwa hasira kila siku.

"Dada Diah," Sikander alimwambia siku moja, "mi zangu zimekukosea nini? Unazichoma uma kama unaua nyoka."

"Wewe kaanga, bwana. Hakuna aliyekuita kusuluhisha."

Sikander akacheka, akamwongezea pilipili bila kuulizwa.

Siku mambo yalipoharibika mvua ilikuwa inamwagika, na watu wa maofisini hawakutaka kutoka nje. Wote walishuka ukumbini. Kila meza ilikuwa na mtu, au pakiti ya tishu iliyowekwa kushika nafasi. Normadiah alizunguka na sinia lake mpaka mi zikaanza kupoa, hatimaye akapata meza ya watu wawili karibu na nguzo. Hajameza tonge la kwanza, binti mmoja wa Kichina, kadi ya ofisi inaning'inia shingoni, akasimama mbele yake.

"Anti, hapa pana mtu?"

"Kaa."

Binti akakaa, akafungua jani la mgomba. Harufu ikapanda: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, na ile sambal nyekundu ya pilipili iliyopikwa mpaka mafuta yakaelea juu. Normadiah aliijua kabla hajaiona. Ilikuwa ya mama yao hasa, na ukwaju wake. Afadhali ingekuwa mbaya, angeidharau akapumzika.

"Anti hujawahi kula pale?" binti akauliza, mdomo umejaa. "Ni yule bibi wa kwenye bango anayepika. Mwenye kibanda ameniambia kila alfajiri anaamka kutwanga pilipili mwenyewe, na uzee wote ule. Mimi kila nikija namtumia salamu."

Normadiah akaweka uma chini.

"Anasema anatwanga?"

"Kila alfajiri."

Aliinuka, akaacha mi na mkoba mezani. Foleni ilikuwa ndefu lakini hakupanga. Alisimama pembeni ya kaunta, mahali Kalsom alipokuwa akipakua, akamwangalia mpaka yule akainua macho. Kijiko kikabaki hewani.

"Mama hajambo?" Normadiah akauliza. "Naambiwa anatwanga pilipili siku hizi."

"Diah, nina wateja."

"Nawaona. Ndiyo maana nauliza. Anaamka saa ngapi? Nani anamshika mkono hadi kwenye kinu? Maana mimi nilimwacha makaburini, miaka miwili sasa."

Mwanamume mmoja kwenye foleni aliyekuwa ameshatoa simu alipe akairudisha mfukoni, kisha akaitoa tena, hajui afanye nini.

"Usinitie aibu mbele za watu," Kalsom akasema kwa sauti ya chini.

"Alipokuwa hai ulimwachia mtu mwingine kumuosha. Amekufa, unamwamsha alfajiri akufanyie kazi. Aibu nikutie mimi?"

Kalsom akatupa kijiko ndani ya sufuria. "Nilimwacha? Kila nikija ulikuwa unanisimamia mlangoni kama askari. Nisimguse, nitamkosea. Nisimlishe, nitampalia. Na siku ya mwisho niko njiani, nimekwama kwenye foleni ya magari, nakupigia nalia, ningojeni. Hukuningoja, Diah. Nimefika, nimeonyeshwa udongo."

"Maiti haiwekwi."

"Ilikuwa adhuhuri tu, alasiri bado."

Normadiah akainua kidole kuelekea bango.

"Nikiwaambia amekufa nitalia humu ndani," Kalsom akasema. "Nikiwaambia yuko nyumbani, napika."

"Basi lia. Lakini mama yangu usimsemee uongo."

Akageuka. Alipofika mezani, yule binti alikuwa ameinamisha kichwa, wali wake haujaguswa tena. "Samahani, anti," akasema. "Sikujua." Normadiah akamwambia ale, chakula hakina kosa, akachukua mkoba wake akapanda juu. Jioni ile alishona suruali ya mtu miguu miwili urefu tofauti, ikabidi aifumue yote.

Bango halikushushwa. Ila wiki iliyofuata, akiwa kwa Sikander anasubiri mi, alimsikia mteja akiuliza kama bibi wa kwenye picha ndiye mpishi.

"Ni mama yetu," Kalsom akajibu. "Amefariki. Napika kama alivyotufundisha."

Hakulia. Aliuliza kama mteja anataka yai, akafunga jani.

Normadiah aliyasikia yale "yetu" na "alivyotufundisha", akachukua sinia lake akaenda kukaa mbali. Hakumsamehe. Usiku alikuwa anaamka na ile adhuhuri, anaihesabu upya: nani alisema twende, nani alisema tusubiri kidogo. Imamu alikuwa amemuuliza yeye kama wangoje. Kisha anamkasirikia Kalsom kwa kumkumbusha, mpaka kunakucha.