Maji Niliyompelekea Khala

Kilichoninyima usingizi majira yale ya joto ni sentensi moja. Bibi mmoja wa Kiyemeni aliniambia kwamba anazitamani siku alizokuwa akienda kuchota maji milimani, na mimi sikujua kama niiandike au niiache. Nikiiandika, mtu ataisoma na kusema, kumbe wenyewe walipenda. Nikiiacha, nitakuwa nimemziba mdomo mtu aliyenikaribisha kwake. Niligeuka huku na huku mpaka shuka likachomoka kwenye godoro.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya mazingira Columbus, huku Marekani. Mwalimu wangu alinituma Buffalo niongee na wanawake Wayemeni wa Lackawanna, mji jirani, kuhusu jinsi maji yalivyobadilika walikotoka, na nani alibeba mzigo wa mabadiliko hayo. Nilipanga chumba Buffalo, mtaa wa Lower West Side, nikawa napanda basi kwenda huko kusini.

Siku ya kwanza nilikosea kabla hata sijaketi. Sisi Warundi tuliokulia kambi za wakimbizi Tanzania hatuendi kumtembelea mtu mikono mitupu, tunabeba vinywaji. Mama yangu, huko Louisville, haingii nyumba ya mtu bila kreti ya soda. Basi nikasimama dukani nikiwaza. Soda ina sukari, na mzee anaweza kuwa na kisukari. Juisi je, kama tumbo lake haliipendi? Nikachagua maji ya chupa, katoni nzima, kwa sababu maji hayawezi kumuudhi mtu. Katoni ilikuwa nzito, na kutoka kituo cha basi hadi kwa yule bibi kulikuwa mbali. Nikaangalia kama kuna watu, nikaiweka kichwani.

Mjukuu wake, msichana wa umri wangu, ndiye aliyefungua mlango. Bibi alikuwa nyuma yake, kiganja mdomoni. Alikuwa ameniona dirishani nikija barabarani na katoni yangu. Akasema neno kwa Kiarabu, na mjukuu akafumba macho kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, nani amekuambia kwamba kwake hakuna maji?"

Nilianza kuomba radhi. Mzee hakunisikiliza. Alikuja akanishika shingo kwa nyuma, kama fundi anayepima nguo.

"Nani alikufundisha kubeba hivi?"

"Nilijifunza kambini," nikasema. "Kwenye foleni ya bomba."

"Ingia," akasema. "Vua viatu. Hayo maji weka hapo mlangoni, wageni wayacheke."

Nilimwita khala, kama wasichana wa mtaa ule wanavyowaita mama zao wadogo na wanawake wote waliowazidi umri. Tuliketi juu ya mito, tukanywa chai ya maziwa yenye iliki, na maswali niliyoandaa Columbus yakakaa mfukoni. Alianza mwenyewe.

Kijijini kwao maji yalikuwa kazi ya wanawake. Chemchemi ilikuwa mbali chini ya mlima, walishuka pamoja, wakapanda pamoja, na mwanamume hakuwa na sababu ya kukanyaga njia ile. Mumewe alikuwa hapa hapa Lackawanna, akifanya kazi kiwanda cha chuma. Pesa zake na za wenzake ndizo zilizonunua pampu.

"Pampu ikaja, na maji yakawa ya wanaume," alisema. "Ufunguo mfukoni mwao. Wakamwagilia mirungi kutwa. Mvua nayo ikaanza kutuchagulia miaka. Chemchemi ikakauka, na ilipokauka, nani alirudi kubeba madumu kutoka mbali zaidi?"

"Nyinyi," nikasema.

"Sisi. Lakini sasa kila mmoja kivyake, mbiombio, kabla maji hayajaisha."

Nikamuuliza kama alichukia ile njia ya zamani. Akafikiri kwanza.

"Shingo ilichukia. Mimi naitamani. Ndiyo saa pekee hakuna mwanamume, hakuna mama mkwe. Tulikuwa tukiongea."

Mjukuu alitafsiri, halafu akaongeza yake kwa Kiingereza, polepole, akitabasamu ili bibi asishtuke. "Hiyo usiiandike. Nimebishana na baba mwaka mzima niende kusomea uuguzi. Akisoma kwamba bibi alifurahia kubeba maji, ataibandika kwenye friji."

"Unasema nini?" bibi akauliza.

"Namwambia chai inapoa."

Ndiyo sentensi niliyorudi nayo Buffalo. Niliandika aya yake, kisha nikaandika aya nyingine chini kueleza khala alimaanisha nini: kwamba hakutamani mzigo, alitamani nafasi. Nikaisoma. Ilikuwa safi na ilinichefua, kwa sababu yeye hakusema hivyo. Alisema anaitamani njia. Nikaifuta, nikairudisha. Mwisho nikampigia mama, aliyekuwa amekaa kwenye gari nje ya ghala anakopanga mizigo, akisubiri zamu.

"Mama, ulipenda foleni ya bomba kule kambini?"

"Nani apende foleni? Wewe umekula?"

"Nimekula. Hukuipenda hata kidogo?"

"Foleni ndiko nilikoambiwa baba yako ananitaka. Wote walijua kabla yangu, hata aliyekuwa anajaza ndoo."

"Kwa hiyo uliipenda."

"Nimesema hivyo? Mwanangu, maswali yako yatakupa kichaa. Kama mtu kakuambia neno lake, kamuulize yeye. Mimi unaniulizia nini?"

Wiki iliyofuata nilirudi Lackawanna na soda, nimeibeba mkononi. Nikamwomba mjukuu amsomee khala nilichoandika, yote, pamoja na ile sentensi aliyonikataza kuiandika. Aliniangalia vibaya, lakini akasoma. Khala alitikisa kichwa kukubali, akainua kidole.

"Amemsahau binamu yangu. Hukumwambia habari za binamu yangu?"

"Hujawahi kuniambia mimi, bibi," mjukuu akasema.

Binamu aliteleza na dumu mgongoni, miaka ile ya njia ya mbali, na hakutembea sawasawa tena. Aliolewa mwisho wa wote. Khala alisema niiweke hiyo.

"Na ile ya kuitamani njia, niitoe?" nikauliza.

"Kwa nini uitoe? Zote mbili zangu."

Mjukuu alitafsiri. Kisha akaweka chini simu aliyokuwa akisomea, akamgeukia bibi yake, akauliza jambo kwa Kiarabu. Khala alicheka, akajibu, na jibu likawa refu. Mjukuu akauliza tena, akasogea karibu, akavuta mto. Nilielewa neno moja moja tu. Nilitaka sana kujua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza. Chai yangu ikapoa kweli.

Aliponisindikiza mlangoni, ile katoni ya maji bado ilikuwepo, imefunguliwa, zimebaki chupa chache.

"Nilimuuliza walikuwa wakiongea nini njiani," akasema.

"Na?"

"Sitakuambia." Alikuwa akitabasamu. "Andika. Baba nitajua namna ya kumjibu."

Kituoni, kabla basi halijafika, nilifungua kazi yangu kwenye simu. Nikaongeza binamu. Nikafuta ile aya yangu ya maelezo, nikangoja nione kama mkono utairudisha. Haukuirudisha. Nikamtumia mwalimu, nikapanda basi.