Wavinya, Masta wa Meza Yetu

Mara ya kwanza Wavinya Muindi kuingia kwenye mchezo wetu alikuwa juu ya ngazi. Awiti, ambaye tunafanya kazi naye katika ofisi moja ya bima mjini, alikuwa amehamia nyumba mpya Kileleshwa, na mapazia yake yalishonwa Ngara, dukani kwa Mama Mukai. Wavinya ni binti wa Mama Mukai, na ndiye aliyetumwa kuja kuyatundika. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Sisi wanne tulikuwa tumezunguka meza tukipigana na nyoka mwenye vichwa viwili.

Kwa kweli mezani hapakuwa na kitu ila karatasi, karanga na dadu za rangi rangi. Wavinya alisikiliza kwa muda, kisha akashindwa kuvumilia.

"Samahani, huyo nyoka mnamuona wapi?"

Tukamweleza. Mmoja wetu ni msimulizi, au masta kama tunavyomwita. Yeye ndiye anayeeleza mahali tulipo na hatari iliyopo, na anaigiza kila mtu tunayekutana naye, kuanzia mfalme hadi muuza maji. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mimi, Waithaka, ni mwizi. Awiti ni mpiga mishale. Nzau, jirani yake, ni shujaa wa shoka. Tunasema tunataka kufanya nini, na jambo likiwa na shaka tunarusha dadu ili tujue kama limefaulu.

"Na huyo nyoka ana njaa ama ana hasira?" Wavinya akauliza.

Oyoo, aliyekuwa masta wetu, alimtazama vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza hivyo. Akavuta kiti cha tano.

Tangu siku hiyo Wavinya akawa mwenzetu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, anaishi na mama yake karibu na Dagoretti Corner, na tangu amalize shule amefanya kazi katika duka lile la mapazia. Alicheza kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani kwa miaka mingi. Kwa hivyo Oyoo alipohamishwa kikazi kwenda Kisumu, na Nzau akauliza kwa huzuni nani sasa atatuendesha, Wavinya alijibu kabla hata hatujatazamana.

"Mimi."

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa msiba. Alikuwa ameandika hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho: binti wa sultani amefungwa mnarani, sisi tunamuua mlinzi, tunapanda ngazi, binti anatueleza siri fulani, tunalia. Ilikuwa hadithi nzuri kabisa. Shida ni kwamba sisi hatukuijua. Awiti alitaka kufanya urafiki na mlinzi. Wavinya akasema mlinzi hataki urafiki. Mimi nikasema nitaingia kwa dirisha.

"Dirisha limefungwa."

"Basi nitapitia kwa paa."

"Hakuna paa."

"Mnara hauna paa?"

Nzau aliangua kicheko, nasi tukamfuata. Wavinya hakucheka. Aliendelea kutusukuma kuelekea kwenye ngazi zake, na kila tulipogeuka tulikuta ukuta ambao haukuwepo dakika moja iliyopita. Mwishowe Nzau alitoa simu akaanza kutazama mpira.

"Si ungetuambia tu vile inaisha," alisema bila ubaya, "tuende nyumbani."

Wavinya alikusanya karatasi zake akatuaga kwa adabu. Baadaye alikuja kunieleza kwamba alilia kuanzia kwa lango la Awiti mpaka kwao, halafu akampigia Oyoo simu.

"Uliandika mwisho?" Oyoo alimuuliza.

"Niliandika kila kitu."

"Hapo ndipo ilipoharibika. Wewe andaa shida, jibu si kazi yako. Weka jitu darajani, ujue jitu linataka nini. Vile watu watavuka, hiyo waachie wao."

Alielewa maneno, lakini hakujua atayafanyaje. Jibu alilipata akiwa kazini, wiki hiyo hiyo. Mteja aliingia dukani akisema hajui anataka nini. Mama Mukai hakumwonyesha kitambaa hata kimoja. Alimuuliza dirisha lake linaangalia upande gani, nani analala chumba hicho, jua linaingia asubuhi au jioni. Mteja akajieleza mpaka akajikuta ameshika kitambaa cha kijani kibichi, amefurahi kana kwamba yeye ndiye aliyekifuma. Wavinya alikuwa ameona mama yake akifanya hivyo tangu utotoni. Siku hiyo ndipo alipoona kweli.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila hadithi. Alikuja na maswali.

"Waithaka, huyu mwizi wako alifunzwa kuiba na nani?"

Sikuwa nimefikiria. "Na nyanyake," nikasema.

"Nyanya yuko hai?"

"Sijui."

"Poa. Wewe Nzau, hilo shoka lilikuwa la nani kabla yako?"

Kutokana na majibu yetu alijenga nchi kavu yenye vilima vyekundu, kama ile aliyoizoea akienda kwao Kitui, na katikati ya nchi hiyo korongo la mchanga ambamo zamani mto ulipita. Mto ulikuwa umeibwa. Nani aliuiba, hakutuambia. Tukachagua njia wenyewe, na popote tulipoenda tulikuta mtu anayetaka kitu. Niliposhindwa kufungua kufuli, hakuniambia tu nimeshindwa. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na aliyesimama pale alikuwa nyanyangu, amekasirika. Niliruka kitini. Simu ya Nzau haikutoka mfukoni tena.

Tulicheza hivyo kwa miezi. Watu wa ofisini walianza kuniuliza mbona Jumatatu ninakuja nikicheka peke yangu.

Kisha Mama Mukai akatutembelea.

Wavinya hakuwa amemficha mama yake jambo lolote. Alikuwa tu anasema anaenda kuona marafiki. Lakini mwanamke mmoja wa chama cha akina mama kanisani alimnong'oneza Mama Mukai kwamba binti yake anashinda Kileleshwa akirusha dadu na kuita mazimwi. Jumamosi hiyo mama alimwachia jirani duka, akaja mwenyewe. Awiti alipofungua mlango, alimkuta amesimama wima na kitambaa chake cha kanisani kichwani, mkoba ameubana kwapani.

"Shikamoo, Mama," tukasema wote, tukisimama kama wanafunzi.

Aliitikia bila kututazama. Macho yalikuwa mezani. "Wavinya. Hii ni kamari?"

"Hapana, Mama. Hakuna anayeweka pesa, hakuna anayekula pesa ya mtu."

"Na hilo zimwi mnaloliita?"

"Ni mimi."

Mama alimtazama binti yake kutoka juu hadi chini. "Wewe ndiye zimwi."

"Leo mimi ni jitu, Mama. Nimesimama darajani, hawa wameshindwa kuvuka. Keti uone. Ukiona kitu kibaya, tutaondoka wote wawili na sitarudi."

Mama Mukai aliketi, mkoba mapajani. Wavinya alirudi kwenye mchezo, akakaza shingo, sauti ikashuka mpaka ikawa kama pipa linalobingirishwa. Jitu lilikataa kila kitu. Nzau alilitishia na shoka, likacheka. Mimi nilijaribu kupita chini ya daraja, dadu ikanitupa kwenye mchanga. Awiti alisema yeye amechoka, tutafute njia nyingine.

Wavinya hakutusaidia. Alimgeukia mama yake, na kwa sauti yake ya kawaida akasema, "Mama, nyuma ya hawa kuna mwanamke mzee anayetaka kuvuka. Amebeba mzigo. Hana silaha. Jitu linamwambia, hupiti. Huyo mama angesema nini?"

Hakumweleza sheria hata moja. Alingoja tu. Mwingine yeyote angeongeza maneno, lakini Wavinya alimwachia nafasi.

"Angeliuliza," Mama Mukai akasema polepole, "kama limekula."

Wavinya aliinamisha kichwa. Aliponena tena, sauti ya jitu ilikuwa imebadilika.

"Nimesimama hapa miaka mia moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Miaka mia moja!" Mama Mukai akasogeza kiti. "Na aliyekuweka hapa, yeye anakula wapi? Weka hiyo rungu chini tuongee. Hapa kwa mzigo nina mahindi na maharagwe. Sikupatii bure. Ukishiba, utaniambia huyo tajiri wako anaitwa nani."

Walizozana, mama na jitu, kwa muda mrefu, na mama hakulegeza hata kidogo. Jitu lilikula. Jitu lilitaja jina la aliyeiba mto. Mwishoni Mama Mukai aliiangalia ile dadu kwa wasiwasi.

"Sasa lazima nirushe hiyo kitu?"

"Hapana, Mama," Wavinya akasema. "Dadu ni ya jambo lenye shaka. Hapa hakuna shaka. Umevuka."

Tulipiga makofi mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Mama Mukai alijizuia, akajizuia, kisha akacheka, mkono mdomoni. Akafungua mkoba, akatoa miwani. "Haya. Huyo mwizi wa mto anakaa upande gani?"

Miezi michache baadaye wapenda michezo ya mezani waliandaa mkutano katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, ghorofa ya pili, karibu na Mtaa wa Biashara. Wavinya alijiandikisha kuendesha meza. Niliandamana naye, na Mama Mukai naye akaja. Meza nyingine zilikuwa na majumba ya plastiki na sanamu ndogo za mashujaa zilizopakwa rangi. Meza yetu ilikuwa na kipande cha pazia la kahawia, ambacho kilikuwa nchi, na vifungo vya koti, ambavyo vilikuwa sisi. Watu walipita wakatabasamu, wakaenda kwenye majumba.

"Twende nyumbani?" Wavinya aliniuliza.

"Keti chini," mama yake akajibu kwa niaba yangu.

Mwishowe walikuja wageni wawili, na Wavinya akawaeleza habari za mto wetu ulioibwa. Mmoja alikuwa Gichuru, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa aliyejua kila sheria na aliyetaka tujue kwamba anajua. Mwingine alikuwa msichana wa chuo, Mbithe, aliyeongea kana kwamba anaomba msamaha. Kila alipofungua mdomo, Gichuru alikuwa tayari ameshamaliza sentensi yake.

Nilidhani Wavinya atamkemea. Hakufanya hivyo. Alimpa Gichuru alichotaka, adui wa kupigana naye, mkubwa, mlangoni kabisa, na alipokuwa ameshughulika vizuri, akainua kidole kimoja kwa upole.

"Hapo hapo, Gichuru, usishushe upanga. Mbithe, wakati huyu anapigana, wewe uko wapi?"

"Mimi... niko nyuma ya nguzo."

"Kutoka hapo unaona nini ambacho sisi wengine hatuoni?"

Mbithe alifikiri. "Chungu," akasema. "Mto uko ndani ya chungu."

Wavinya hakuwa amepanga chungu chochote. Niliuona uso wake ukiwaka. "Ni kweli," akasema. "Unasikia maji yakilia humo ndani."

Kuanzia hapo hata mimi nilisahau kwamba niko mjini. Watu wa meza jirani waligeuza viti. Wengine walikuja wakasimama nyuma yetu, wakaongezeka, mpaka joto lao nililihisi shingoni. Mama Mukai, kama yule mwanamke mwenye mzigo, alimshika mwizi wa mto kwa maneno. Gichuru alishikilia mlango peke yake, jasho la kweli likimtoka. Na Mbithe akasema anakimbia kuchukua chungu ili akibebe mpaka kijijini kwake.

"Hilo lina shaka," Wavinya akasema, akamsukumia dadu.

Mbithe aliirusha kwa mikono miwili. Ilibingirika juu ya pazia, ikagonga kifungo, ikatulia. Mbili: ameshindwa.

Ukumbi uliguna. Mbithe aliweka mikono usoni. Masta mwoga angeipindua ile dadu, angesema rusha tena. Wavinya alisimama.

"Chungu kinakuponyoka," akasema taratibu. "Kinagonga jiwe. Kinapasuka. Na mto, ambao ungeupeleka kwa kijiji kimoja, unatoka wote. Unashuka kwenye vilima vyote. Unaingia mabonde yote, hata yale ambayo hamjui majina yake. Gichuru, maji yanakuja moja kwa moja kwako. Ukiuacha mlango utapona. Ukiushikilia, wenzako watapona."

Gichuru alisimama pia, machozi yamemlenga, mikono ameitanua. "Siachi mlango!" akanguruma. "Naenda na maji!"

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka barabarani. Watu nisiowajua walinikumbatia. Gichuru, aliyekuwa amekufa punde tu, alimwinua Mbithe juu akimwambia hajawahi kufa vizuri hivyo maishani, na Mbithe alicheka kwa sauti kubwa kuliko ya Gichuru. Mama Mukai alikuwa akimweleza kila aliyemsogelea kwamba yule msimulizi ni mtoto wake mwenyewe.

Waandalizi walikuja pale pale wakamwomba Wavinya aendeshe meza kuu mkutano ujao, na awafunze wasimulizi wapya. Akakubali kwa kichwa, maana sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Tulishuka wote watano tukaenda kula chipsi Moi Avenue, na hata huko mama yake ndiye aliyemwagizia.

"Mletee chai ya tangawizi, iwe moto sana," alimwambia mhudumu. "Huyu amefanya kazi."

Mbithe alikuwa ameketi kando ya Wavinya, akimuuliza swali juu ya swali, na Wavinya alimjibu kwa mikono, akichora vilima hewani.