Miwani Thelathini na Sita

Nafundisha fizikia katika shule ya wasichana mjini Garissa. Miaka michache kabla ya safari ninayoisimulia hapa, jua lilipatwa asubuhi juu ya mji wetu. Nililitazama kutoka kwenye paa la nyumba ya mama, kwa kipande cha kioo cheusi nilichoazima kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwezi uliingia katikati ya jua lakini haukulifunika lote, ukaacha pete ya moto. Tangu siku hiyo nikatamani kuona kupatwa kamili, kule ambako mchana unazimika kabisa.

Mama hakupenda habari hizo, na alikuwa na sababu. Mdogo wake, ambaye kwetu namwita habaryar, alilitazama jua lililopatwa kwa macho matupu alipokuwa msichana akichunga mbuzi. Hakusikia maumivu yoyote. Kesho yake, katikati ya kila kitu alichokitazama palikuwa na doa, na doa hilo halijaondoka hadi leo. Ukikaa mbele yake anageuza uso kando kama mtu aliyekukasirikia, maana ni kwa pembe ya jicho tu anaweza kukuona. Nilikuwa mkubwa tayari nilipoelewa kwamba hanichukii.

Niliposikia kwamba kivuli cha mwezi kitapita kaskazini, ukanda mwembamba mbele kidogo ya Buna, saa moja hivi kabla ya magharibi, niliagiza kutoka Nairobi katoni ya miwani za karatasi, zile zenye utando mweusi wa kutazamia jua. Nilitaka nyingine niwape watoto wa shule njiani.

"Watu wakiona kusuf wanakimbilia msikitini," mama aliniambia. "Wewe unafunga safari kuifuata."

Aliyekubali kunipeleka ni kaka yake mama, mfanyabiashara wa mifugo mwenye gari la kubebea mizigo. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, abti. Yeye ananiita hivyo nami namwita hivyo. Alikuwa na ngamia wa kuwaangalia upande wa Hadado, kwa hiyo tulikubaliana tupite huko kwanza, tulale Wajir, kisha tupande Buna.

Ijumaa baada ya swala tulifika kwenye kijiji kimoja nje ya Hadado. Abti alikwenda kwa ngamia wake, mimi nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu, kijana mwembamba aliyetoka bara na kuizoea nchi yetu, aliwakusanya watoto chini ya paa la mabati. Niliwachorea jua, mwezi na dunia ubaoni, nikawaonya wasitazame jua kwa macho matupu, nikawagawia miwani thelathini na sita waende nazo nyumbani. Msichana mmoja wa darasa la saba aliinua mkono.

"Mwalimu, ukiwa na hii unaweza kutazama mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," nilimjibu. "Usiogope."

Jumapili, siku yenyewe, tuliamka Buna. Mbingu ilikuwa safi. Tulikaa hotelini tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, na abti, kwa mchezo, akachukua miwani moja kutoka kwenye katoni akaivaa. Alikaa hivyo, ameshika kikombe, akinielekea.

"Abti," akasema, "umepaka wanja jicho moja tu."

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Miwani ya kutazamia jua, ukiivaa ndani ya nyumba, huoni chochote. Huoni taa, huoni mlango, sembuse wanja wa mtu. Nilimvua nikaivaa mwenyewe, na hoteli nzima ikawa mbele yangu, rangi ya kahawa: meza, birika, mwenye hoteli akifuta sufuria. Nikatoka nje, nikainua uso sekunde moja tu, nikaurudisha chini machozi yakinitoka.

Nilizijaribu moja moja zile zilizobaki. Mbili za juu kabisa, nilizotuwekea mimi na abti tangu Garissa, zilikuwa nyeusi kama inavyotakiwa. Nyingine zote zilikuwa karatasi na plastiki ya kawaida, zimechapwa maandishi yaleyale. Kule Garissa, katoni ilipofika, nilikuwa nimejaribu moja. Ile ya juu.

Nilimpigia mwalimu mkuu. Mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, nikapiga mara sita, sauti ileile ya upole ikinijibu. Nilimweleza abti kwamba wale watoto wanazo hizihizi. Mtoto anayelitazama jua kwa macho matupu hufumba macho na kugeuka, jicho lenyewe linamfukuza. Lakini mtoto aliyevaa plastiki ile angetazama kwa raha, kwa muda mrefu, kwa sababu mwalimu kutoka Garissa alimwambia asiogope.

"Litaanza saa ngapi?" abti aliuliza.

"Baada ya saa kumi."

Alilipa chai akachukua funguo. "Jaza maji kwenye mitungi," alisema. Hakuniuliza kama nitasikitika kuliacha giza nililolifuata.

Tulishika njia ya vumbi ya kurudi kusini. Mvua ilikuwa imenyesha sehemu sehemu. Kwenye laga moja, mto wa msimu wa mvua, maji yalikuwa bado yanapita na ilibidi tungoje yapungue, mimi nimesimama ukingoni nikihesabu dakika, abti akipima kina kwa fimbo. Tulivuka saa nane ikiwa imepita. Nilijaribu simu kila tulipopanda mwinuko.

Mbele zaidi abti alikanyaga breki ghafla. Katikati ya njia palikuwa na udongo mbichi, umechimbwa na kufukiwa, upana wa sinia. Hakuna aliyezaliwa upande wetu ambaye haelewi maana ya udongo wa namna hiyo. Magari yamerushwa na mabomu yaliyofukiwa, watu tunaowajua wamezikwa vipande. Abti alizima injini. Tulisikiliza chuma kikipoa.

"Huenda ni fisi," nilisema.

"Huenda."

Alirudisha gari nyuma taratibu, akifuata alama za magurudumu yetu wenyewe, kisha akaingia porini. Tulipasua vichaka vya miiba, matawi yakikwaruza milango, na kila tairi lilipogonga kitu nilifumba macho. Sijui palikuwa na nini pale. Sikuwahi kujua. Tuliporudi njiani nilikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu hadi vimekufa ganzi.

Saa kumi na dakika kadhaa nilitazama kwa mojawapo ya zile miwani mbili nzuri. Ukingo wa jua ulikuwa umeng'atwa.

Nilishatamani kuona kitu hicho kwa miaka. Sasa nilikitazama kama mtu anayetazama maji yakipanda kwenye nyumba yenye watoto wake. Mwanga ulianza kupungua bila wingu lolote. Mchanga ulipoteza wekundu wake, ukawa rangi ya bati. Kivuli cha gari kilikuwa na makali yasiyo ya kawaida. Upepo ulianza kupoa, na kundi la mbuzi lisilo na mchungaji lilikuwa likirudi kwa mstari, kama vile jioni imekwishaingia.

Hapo ndipo wanaume watatu walipotoka vichakani wakasimama njiani. Wawili walikuwa na bunduki.

Abti alisimamisha gari akaweka mikono juu ya usukani, wazi. "Usiseme kitu," aliniambia bila kugeuza kichwa. Nilisoma shahada kimoyomoyo. Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuja upande wangu. Niliona mtutu ukipita mbele ya kioo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikaogopa zaidi, maana mkono unaotetemeka unaweza kufyatua hata kama mwenyewe hakutaka.

"Mnatoka wapi?"

"Buna," abti alijibu.

"Huko nako jua liko hivi?"

Sikuelewa mara moja. Nilimtazama usoni, nikaona midomo yake imekauka kama yangu. Walikuwa wachungaji wa ngamia, wanaotembea na bunduki kwa ajili ya wezi wa mifugo. Walikuwa peke yao porini, hakuna redio, hakuna aliyewaambia.

"Ni ile Siku?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siyo ile Siku, adeer," nilimjibu, nikitumia neno tunalomwitia baba mdogo au mzee yeyote wa heshima. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Ni kusuf. Mwezi unapita mbele ya jua. Litafunguka kabla ya magharibi. Msilitazame, hata kidogo. Tazameni chini."

Nilimwonyesha chini ya mti wa mgunga. Mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umetupa mchangani miezi midogo mingi, hilali juu ya hilali. Yule mzee aliinama akazitazama muda. Kisha alifunga bunduki begani, akawaita wenzake, wakatayamamu kwa mchanga wapate kuswali. Abti aliwasha gari.

Tuliingia kijijini jua likiwa limebaki ukucha. Sijawahi kusikia kijiji kimya vile. Hakuna mtoto aliyekuwa nje. Punda alisimama katikati ya uwanja. Kando ya ukuta wa shule miwani moja ya karatasi ilikuwa imeanguka kifudifudi, nikaiokota nikaitia mfukoni.

Ndipo nikasikia kisomo kutoka msikitini, kirefu, cha polepole. Mwalimu mkuu, ambaye si Mwislamu, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha ofisi yake. Alinyanyuka aliponiona.

"Sheikh aliwaita wote kwenye swala ya kupatwa," alisema. "Watu wazima na watoto. Wadogo wamefungiwa ndani na mama zao. Nilimkasirikia, madam. Nilimwambia anawanyima elimu."

Nilimweleza. Aliweka mkono kichwani. Simu yake, alisema, ilikuwa imezimika tangu jana. Umeme wa jua wa shule ulikuwa umeharibika.

Tulianza kupita nyumba kwa nyumba. Akina mama walitoa miwani kupitia mlango uliofunguliwa nusu, watoto wakichungulia nyuma ya mashuka. Nilihesabu kwa sauti, sikuweza kuhesabu kimoyomoyo. Swala ilipoisha sheikh alisimama mlangoni pa msikiti akakusanya zilizokuwa mifukoni mwa wavulana. Sikuweza kumtazama. Zilipatikana thelathini na tano.

Msichana wa darasa la saba tulimkuta nyuma ya tangi la maji la shule. Alikuwa amewatoroka mama na dada zake. Alikaa amenyoosha miguu, daftari mapajani, akichora jua kila baada ya muda, na miwani ilikuwa usoni. Alikuwa amechora mara tisa.

Nilimvua. Alinitabasamia.

"Mwalimu, umerudi," alisema. "Sijaogopa."

"Unaniona?"

Alipepesa macho. Alinitazama usoni, akasogeza kichwa kidogo, akanitazama tena. "Kuna kitu cha manjano hapo kwenye pua yako," alisema. "Kinaondoka na kurudi."

Usiku huo sikulala, na kesho yake alfajiri abti alitupeleka Wajir hospitalini, mimi, yule msichana na mama yake. Daktari alimchunguza kwa taa muda mrefu. Alisema ndani ya macho yote mawili pameungua, padogo, na hakuna dawa ya kuaminika. Ni kungoja miezi, huenda pakapona penyewe, huenda pasipone. Mama yake alinisikiliza nikieleza kwamba miwani zilikuwa bandia. Alijifunga shuka vizuri.

"Ni qadari ya Mungu," alisema.

Ningependa angenitukana. Maneno yale yaliniweka peke yangu na kosa langu, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya bunduki.

Watu wa kaskazini ya Buna walinisimulia baadaye kwamba giza lilikuja likaondoka, muda mfupi kuliko wa kunywa bilauri ya maji. Niliwasikiliza tu.

Miezi ile nilimpigia simu mwalimu mkuu kila Ijumaa kuuliza habari zake. Jicho la kulia lilifunguka mwezi wa tatu. La kushoto lilibaki na doa, si kubwa, lakini akilifumba la kulia hawezi kusoma herufi anayoitazama. Alifanya mtihani wake wa darasa la nane, akapata shule ya sekondari Wajir. Nilikwenda kumtembelea muhula wa pili. Tulikaa kwenye benchi la wageni, yeye akila tende nilizompelekea. Alikuwa amerefuka.

"Mwalimu," aliniuliza, "aliyekuuzia alijua ni mbaya?"

"Sijui kama alijua."

"Na wewe?"

Kwa wote niliowaeleza, mama yake, daktari, mwalimu mkuu, nilikuwa nimesema ni bandia, nimedanganywa. Hilo lilikuwa kweli.

"Zilikuwa arobaini na mbili kwenye katoni," nilimwambia. "Nilijaribu moja tu. Ingechukua dakika tano kuzijaribu zote."

Aliacha kutafuna. Aliniangalia kwa muda, macho yote mawili wazi, na sikuweza kujua ananionaje. Kisha alitema kokwa ya tende kiganjani, akaifunga kwenye kitambaa. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nitarudi tena kabla shule hazijafungwa, na kama nikija ninaweza kumletea kitabu cha fizikia cha kidato cha kwanza, maana cha shule wanatumia watu wanne.

Nilimwambia nitakileta.