Frein haikukatika

Leo motard ameniangusha, mimi na pikipiki yake, katika shamba la maharagwe. Nilicheka mpaka akaniogopa.

Alikuwa akimtazama dada mmoja aliyebeba makabichi.

"Papa Mwalimu, pardon! Frein imekatika!"

Uongo huo wa breki naujua. Ni wangu.

Ujanani, pale Kibabi, niliingiza baiskeli katikati ya mitungi ya pombe ya mzee mmoja. Nikalia: frein!

Daktari ameniambia sina siku nyingi, basi naungama: nilikuwa namtazama binti wa yule mzee. Ndiye mke wangu mpaka leo.

Amesoma haya ninayoandika, akichungulia begani mwangu, akaguna.

"Mzee, ile baiskeli haikukuwaka na frein hata siku moja. Ulikuwa unaisimamisha na sandale. Papa yangu alijua, njo maana alikukubali, alicheka sana."

Nani mwingine alijua akaninyamazia?