Kikombe cha Kwanza cha Bi Mwaija

Kisukari, wananchi wanatangaziwa, hakiambukizwi. Hakiambukizwi kwa kupeana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kuketi mkeka mmoja na mgonjwa. Ndivyo lilivyosema bango katika zahanati moja ya Mkata, na nesi Godlisten alilisoma lote kwa sauti, pole pole, kama hukumu.

Bi Mwaija wa Kwedizinga alisikiliza hadi mwisho. Hofu ya kuambukiza hakuwa nayo.

"Na kuonja je, mwanangu?"

"Kuonja nini, mama?"

"Chai. Mimi ndiye mpishi wa shughuli."

"Kijiko kimoja hakina neno."

"Kwetu tunaonja kikombe."

Nesi akamtazama. "Kikombe kizima ni kuonja?"

"Kilichojaa."

Kwedizinga, mgeni wa harusi au hitima hanywi chai yake mpaka mpishi asimame mbele ya watu na kumaliza cha kwanza. Aliyewahi kutiliwa sumu hakumbukwi na mtu. Tahadhari ndiyo iliyobaki. Na chai yenyewe lazima iwe tamu hata midomo inate, maana chai isiyonata inamtangaza mwenye shughuli kuwa bahili.

Bi Mwaija alikaa na siri yake tangu masika. Kisukari, watu walivyojua, ni maradhi ya wenye magari. Mkulima wa mihogo asiye na hata baiskeli akijitangazia maradhi hayo, ataambiwa anajikweza. Tena kulikuwa na Munira, msaidizi wake, aliyeutazama upawa wake wa mpishi mkuu jinsi watu wanavyotazama shamba la mzee asiye na watoto. Bila upawa, Bi Mwaija angebaki bibi mmoja tu mwenye miguu inayowaka moto.

Basi ikafika harusi ya binti wa Mzee Semboja. Chai ikaiva, wageni wakaketi, Bi Mwaija akajaza kikombe, akampa Munira.

"Leo onja wewe."

Munira akarudi nyuma. "Mimi? Miaka yote napuliza kuni hunioni, leo ndiyo nionje? Kuna nini humo, mama?"

Hakunong'ona. Shangazi wa bwana harusi, aliyetoka Korogwe na kanga mpya, alikirudisha kikombe chake mkekani kwa adabu kubwa. Wengine wakafuata.

"Mpishi anakiogopa chungu chake!" Sabiri, mmoja wa majirani, akapiga kelele kutoka upande wa wanaume. Wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Bi Mwaija alikitazama kile kikombe. Akikinywa, upawa unabaki kwake, na miguu itajijua. Asipokinywa, kesho ni mchawi. Kati ya uchawi na kujikweza, akaona heri kujikweza.

"Nina kisukari," akasema. "Nimekatazwa sukari. Chai haina kitu, anayetaka kunywa anywe."

Mzee Semboja akasogea, akainama kama anayetafuta kiatu.

"Nesi kakwambia unywe nini badala yake?"

"Unamuulizia nani, mzee?"

"Nauliza tu."

"Ukishauliza," alisema yule shangazi wa Korogwe bila kumtazama mtu, "nami niambieni jibu."

Bi Mwaija alibandika sufuria ndogo, akatia majani, tangawizi iliyopondwa na mdalasini, basi. Ilipochemka akasimama mbele ya watu, akamaliza kikombe kilichojaa. Kilikuwa kikali, kikamtoa machozi, na wageni wakayachukua kuwa ni uchungu wa moyo. Kisha akainua upawa.

"Hii nimeinywa mwenyewe. Ile nyingine Munira atawaonjea."

Munira akainywa ile tamu, haraka, kama mwenye kiu ya siku nyingi.

Miguu ya Bi Mwaija haijapoa. Vidonge anavimeza huku akivitukana kwa Kizigua, lugha anayodhani havielewi. Lakini siku hizi watu humwita kabla hawajamwita shehe, na wapo wanaomvuta pembeni jikoni kumwonyesha vidole vya miguu.

Sufuria isiyo na sukari, ambayo sasa hubandikwa kila shughuli, ilikusudiwa wagonjwa. Kwenye maulidi ya mwaka huu ndiyo iliyotangulia kwisha, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya sukari.