Mchora Vibanda na Fanta Sita

Tulipofika Amerika tuliwekwa Louisville, Newburg, kwenye apatimenti ambazo madirisha yake yalitazama madirisha mengine. Baadaye baba akasikia kiwanda fulani cha Buffalo kinaajiri, tukahama. Mimi sikuulizwa, nilikuwa mtoto. Nilimaliza sekondari kwa shida, nikapata kazi ya kukunja mashuka ya hoteli, na nikirudi nyumbani Lower West Side nilipita bustani yenye kibanda cha zamani cha kupumzikia: nguzo za mbao, paa lililochongwa pembeni kama majani ya mgomba yaliyochanwa na upepo. Nilikipenda kama mtu anavyopenda jirani.

Mwaka ule kilikuwa kinakarabatiwa. Fundi alikuwa mama mmoja mzungu, mcheshi, aliyenizoea kwa sababu kila jioni nilisimama pale nikimuuliza maswali kwa Kiingereza changu cha viraka. Akaniambia aliyekichora alikuwa mhamiaji kama mimi. Alivuka bahari enzi za yule malkia wa zamani wa Waingereza, bado kijana. Alianza na nyumba za matajiri, kisha akaingia kwenye bustani: madaraja, vibanda, mabanda ya mashua. Mwenzake katika kazi ndiye aliyejua kuongea mbele ya wakubwa, basi jina la mwenzake likabaki kila mahali, lake likabaki kwenye karatasi kabatini. Uzeeni aliajiriwa na mji, akawa anachora vyoo vya bustani.

"Na vyoo alivichora vizuri?" nikauliza.

"Vizuri kuliko nyumba yangu."

Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Siku moja akanipa patasi, akatazama nilivyochonga, akasema ana nafasi moja ya mtu wa kujifunza useremala, kuanzia Jumatatu ya wiki inayofuata. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Wiki hiyohiyo baba mdogo alipiga simu kutoka Columbus. Kule Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, nyumba zipo, ghala linaajiri, ndugu wamejaa. Baba akaitisha kikao cha kuhama, Jumapili baada ya ibada.

Kwetu, watu wa milima ya Kivu ya Kusini, msichana ambaye hajaolewa hajisemei kwenye kikao. Anatafuta mdomo wa kumsemea. Nikamwendea shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye hata wachungaji humsikiliza, nikamwambia nataka kubaki Buffalo nijifunze useremala.

"Bon, nitakusemea," akasema. "Ila siku ya kikao unajua la kufanya."

Nikasema najua. Nilidhani ni kuvaa kitenge.

Jumapili nikanunua Fanta sita. Nikapiga magoti kama binti aliyelelewa, nikaanza na baba, kisha baba mdogo aliyekuja na gari la kuhamishia, wazee wawili wa kanisa, mchungaji, mama. Chupa zikaisha. Shangazi nikampa maji. Aliitazama ile glasi muda mrefu.

Wakaongea wee. Mwishowe baba akauliza, bila kunigeukia, "Na mtoto?"

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anakunja pindo la kitenge chake.

"Ananyamaza, donc anakubali," baba mdogo akasema. "Huyu iko na roho nzuri, hasumbuake watu."

Mchungaji akafunga kwa maombi.

Jikoni nikamuuliza shangazi mbona.

"Fanta ndiyo inamtuma msemaji," akasema polepole. "Weye ulinipa maji mbele ya wanaume wote. Ningefungua mdomo, wangeniuliza nani amenituma. Nilidhani umebadili mawazo."

"Shangazi, si ungenikonyeza."

"Nilikukonyeza. Ukaniongezea maji."

Nikamwomba turudi sebuleni tuwaambie. Akanishika shavu, macho yake yamelowa.

"Wameishaomba, mtoto wangu. Nani anafungua maneno yenye kufungwa na maombi?"

Jumatatu ya patasi nilikuwa nyuma ya gari, kati ya godoro na sufuria, magoti yamekutana na kidevu. Nilikuwa nimemwomba baba mdogo tupitie bustanini, naye akapitia. Fundi alikuwa juu ya ngazi. Aliniona dirishani, akapunga mkono, akaanza kushuka kuja kunipokea. Gari halikusimama.

Sasa nabandika lebo kwenye maboksi, katika ghala lisilo na dirisha hata moja. Lebo zilizoharibika naziweka mfukoni. Wakati wa chakula nachora nyuma yake choo cha bustani, mlango wa wanawake, mlango wa wanaume, na pembe za paa nazichana kama mgomba.